Uvuvi wa ndoana Kigoma mjini na jirani: maji yapi yanamfaa nani?

Mkazi wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya muda kuna mtu anaingia humu na kuuliza: "Nimehamishiwa Kigoma, napenda kuvua, niende wapi?" Majibu huwa mawili tu, "nenda Katonga" au "kodi boti". La kwanza linaweza kukuharibia siku, la pili linaweza kukutoa roho. Nimeona niandike kwa urefu, wenye ujuzi zaidi mniongezee.

Jambo la kwanza ambalo mgeni lazima alielewe: Tanganyika si bwawa. Ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470 pale penye kina kikubwa kabisa, na mwambao wetu umeshuka wima. Anayetoka Mwanza amezoea kwenda mbali ndipo apate kina. Hapa ukisimama kwenye miamba ya Bangwe, hatua chache mbele ya vidole vyako maji yameshakuzidi kimo. Mtumbwi ukitoka nje ya ghuba, mshipi wa mita hamsini unaning'inia tu, haugusi chini. Kwa hiyo msijipime kwa umbali wa kwenda, jipimeni kwa kina mnachoweza kukimudu.

Kwa mtu ambaye hajawahi kushika mshipi, anzia ufukweni. Sehemu tulivu ndani ya ghuba, penye mchanga uliochanganyika na mawe, wakati jua halijawa kali. Samaki wa kumtafuta ni ngege. Anapenda maji ya karibu, penye majani na karibu na midomo ya mito, na si mwepesi wa kuogopa chambo. Ufito wowote wa mwanzi unatosha, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, kipande cha sponji au kizibo kama boya. Chambo ni ugali uliokandwa mpaka ukawa mgumu, au minyoo. Watu wengi wanakosa ngege kwa sababu wanaweka tonge kubwa. Mdomo wake ni mdogo, atalimumunya tonge mpaka liishe na ndoana utaitoa tupu. Weka kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, ncha ya ndoana ichungulie kidogo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukimvuta ngege ukaona vitoto vinamtoka mdomoni, huyo ni jike anayelea. Mama anabeba mayai na watoto mdomoni kwa muda wote wa kuwalea. Mtoe ndoana taratibu akiwa ndani ya maji, mwachie papo hapo. Ukimpeleka nyumbani umekula kizazi kizima kwa mboga ya jioni moja.

Utawapata pia wale samaki wadogo wa mawe, wenye rangi za kila namna. Hawana nyama ya maana. Wanaishi kwenye mawe yao hayo hayo, aina nyingi hazipatikani popote duniani nje ya ziwa hili, na kuna ambazo ukivuka ghuba moja tu rangi zimebadilika. Warudishe.

Nitaendelea na boti na usiku baadaye. Karibuni.

Mwalimu_Gungu

Mkuu shukrani sana, umenijibu hata kabla sijauliza. Mimi ni mgeni, nimetokea Dodoma, ziwa nilikuwa nalisikia kwenye jiografia tu. Nina kijana wangu wa miaka tisa anasumbua kila Jumamosi twende tukavue. Je, kwenye miamba ni salama kwa mtoto? Na vibali vikoje?

Mkazi wa Mwanga

Mwalimu, karibu Kigoma.

Kibali: pita kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri, umweleze afisa uvuvi kwamba unataka kuvua kwa ndoana kwa kujifurahisha. Uvuvi wetu unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na kanuni za 2009, na leseni zina madaraja yake. Usitegemee maneno ya kijiweni, hata haya yangu. Ukifika kwenye mwalo wowote, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, jitambulishe pia kwa viongozi wa BMU, wale wanaosimamia rasilimali za uvuvi pale. Ukishasalimiana nao hata ukipata shida majini watajua ni nani wa kumtafuta.

Na kabla hujanunua kifaa chochote, uliza kuhusu miezi ya kufunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Kukutwa na mshipi majini wakati wa zuio ni kesi, usije ukajitetea kwamba ni ufito tu.

Mtoto kwenye miamba: hapana, mpaka awe anaogelea vizuri. Miamba ina utelezi na pembeni yake ni kina. Kuna jambo jingine wageni hawaambiwi. Katika mawe ya mwambao anaishi nyoka wa majini, jamii ya swila, mwenye sumu, anayekula samaki. Hana ugomvi na watu na mara nyingi huondoka mwenyewe, lakini usimruhusu mtoto kuingiza mkono kwenye matundu ya mawe kutafuta ndoana iliyonasa. Ikinasa, kata mshipi.

Mama Dagaa Kibirizi

Wanangu, mimi siyo mvuvi, mimi nanunua na kuanika, miaka mingi sasa. Nataka kumwambia mwalimu ajihadhari na maji yaliyotulia karibu na makazi, penye matete na watu wanaofua. Kichocho kipo. Mtoto avue akiwa mkavu, asisimame majini saa nzima.

Halafu fukwe siyo zile za zamani. Maji yamepanda miaka hii, sehemu ambazo sisi tulikuwa tunaanika dagaa sasa ni ziwa. Mtu akikuambia "nenda pale penye mchanga", kaangalie kwanza kama mchanga bado upo.

Mwalimu_Gungu

Shikamoo mama. Asante, hilo la kichocho nisingelifikiria.

Mama Dagaa Kibirizi

Marahaba mwanangu. Ukipata samaki kata vipande, kaanga na mawese. Mafuta mengine yanampotezea ladha.

Kusi na Kaskazi

Mkuu Mkazi, umeanza vizuri, ila umewapunja walio katikati. Kuna watu wameshachoka na ngege lakini hawako tayari kwa usiku wa ziwani. Hao wapelekwe kwa kuhe.

Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wa sato na ngege duniani, huweza kufika sentimita 80, na yupo hapa hapa kwetu. Ni mwindaji, anafukuza samaki wadogo juu ya mchanga na pembezoni mwa miamba. Unahitaji fimbo yenye rili, mshipi imara kidogo, na chambo cha bati kinachozunguka na kung'aa, au kisamaki cha bandia. Rusha, acha kizame ukihesabu polepole, kisha vuta kwa kusitasita: zungusha, acha, zungusha. Mara nyingi anakigonga pale kinapoanza kuzama upya. Mgongo wake una nguvu, atakimbilia chini kwenye mawe, usimpe nafasi.

Mtumbwi wa kupiga kasia unatosha, ndani ya ghuba, asubuhi mapema. Tena asubuhi kweli kweli. Katika miezi ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ziwa linaweza kuchachamaa kadiri jua linavyopanda, na mgeni anayeona ziwa limelala saa moja asubuhi anadhani litalala mpaka jioni.

Mkazi wa Mwanga

Nakubaliana na Kusi kwa mbinu, ila naongeza sharti ambalo kwangu halina mjadala. Kuhe hulea kwa jozi. Dume na jike wanataga kwenye maji ya kina kidogo, kisha wanalinda mayai na wingu la vitoto, maelfu, mpaka vijitegemee. Maji yetu ni maangavu, ukitulia juu ya mtumbwi unawaona: samaki wawili wakubwa wamekaa, hawaendi popote, na chini yao mchanga unaonekana kama unachemka. Vile ni vitoto. Hao ukirusha chambo watakigonga kwa hasira, siyo kwa njaa. Ni rahisi mno kuwapata, na ndiyo sababu wanaisha karibu na mji. Ukimtoa mmoja, yule aliyebaki hawezi kulinda pande zote, samaki wengine wanamaliza vitoto mara moja. Ukiona jozi, piga kasia uende mbele.

Kusi na Kaskazi

Mkuu, hapo nina swali la haki. Wanaovua kwa kokoro, ule wavu wa kuburuta mpaka ufukweni, na vyandarua wanazoa vitoto vyote vya ufukweni kwa mvuto mmoja. Mtu mwenye fimbo moja anamwacha kuhe ili aje kuzolewa?

Mkazi wa Mwanga

Kokoro ni haramu na inakamatwa, na inapofichwa watu wa BMU wanatakiwa waambiwe. Lakini uharibifu wa mwenzako haukupi wewe ruhusa. Ukweli ni kwamba ziwa lenyewe limeelemewa. Joto la maji limepanda, na maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini ambayo ndiyo yenye rutuba, hivyo chakula cha dagaa kinapungua na wote wanaomla dagaa wanapungua. Chini ya mita mia moja na kitu mpaka mia mbili hakuna hewa ya kumtosha samaki. Lile ziwa lote mnaloliona lina samaki kwenye tabaka la juu tu. Hiyo ndiyo akiba yetu, na ni nyembamba.

Rumonge Boy

Jambo wandugu, mimi niko upande wa Burundi, ziwa ni lile lile. Huku mgebuka tunamwita mukeke na ndiye mfalme wa meza. Nauliza wa Kigoma: usiku mnaruhusu mtu wa ndoana kupanda na wavuvi wa taa? Kwetu inategemea na mwenye mtumbwi.

Mkazi wa Mwanga

Karibu ndugu. Hata hapa ni mwenye chombo ndiye anayeamua. Na hapa ndipo naingia sehemu niliyoahidi, kwa wale waliokwishakomaa.

Giza la mwezi likiingia, vyombo vinatoka Kibirizi, Katonga na Ujiji kabla ya jua kuzama. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani ilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Mwanga unavuta vijidudu, vijidudu vinavuta dagaa, dagaa wanamvuta mgebuka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unamezwa na mbalamwezi na wengi wanapumzika. Kwa hiyo ukitaka kwenda usiku, hesabu mwezi kwanza.

Mgebuka havuliwi kwa chambo cha nyama. Unafunga ndoana kadhaa kwenye mshipi mmoja, kila moja na unyoya mweupe au uzi unaong'aa, chini kabisa risasi ya kuzamishia. Unashusha pembeni ya duara la mwanga, siyo katikati. Katikati pamejaa dagaa, mgebuka anazunguka pale mwanga unapokutana na giza, anapiga na kurudi. Kabla hujaondoka nyumbani funga alama kwenye mshipi kila mita kumi, uzi wa rangi tofauti. Ukishusha, unajua upo mita ngapi. Wa kwanza kumpata anataja kina, wote wanashusha pale pale. Kisha ni kazi ya kiganja: inua kwa mkupuo mfupi, acha ishuke, inua. Wakija kundi, unaweza kupandisha wawili watatu kwa mara moja, na baada ya muda mfupi kimya kabisa.

Sangala mkubwa huwa anakuja chini yao. Mchana anakaa kwenye kina, usiku anapanda kufuata chakula. Kwa huyo tumia mshipi mnene, ndoana moja kubwa, mgebuka mdogo mzima kama chambo. Vaa glovu. Mshipi ukikimbia kwenye kiganja kilicholowa unakata nyama.

Wale mnaopenda kuvua na kuachia, eleweni kwamba samaki wa kina huwezi kumwachia. Akipandishwa haraka kutoka mita arobaini au hamsini, hewa iliyo tumboni mwake inatanuka, utumbo unatokea mdomoni, ukimrudisha anaelea mpaka afe. Ukishapata unaowatosha, kunja mshipi.

Masharti ya kupanda: jaketi la kuokolea maisha, la kwako mwenyewe, lenye kukukaa. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwambie mtu wa nchi kavu jina la chombo na mwalo mliotokea. Masika usiende kabisa kama hujazoea, dhoruba inashuka kutoka milimani na mvua yake na mawimbi yanabadilika ghafla. Na ukipanda chombo cha watu wanaotafuta riziki, wewe ni mgeni. Usimulike tochi majini hovyo, usiombe warudi mapema, na mchango wa mafuta ukubaliane nao kabla ya kutoka.

Rumonge Boy

Hilo la kuvulia pembeni ya mwanga nakubali asilimia mia. Wageni wote wanashusha katikati.

Kijana wa Uvinza

Wakuu mmesahau mto. Malagarasi hamuugusi? Nataka kuwaleta rafiki zangu kutoka Dar wanaomtafuta kibebe, yule samaki wa meno makali.

Ilagala Chini

Ndugu yangu wa Uvinza, mimi nimezaliwa kwenye mdomo wa mto huo. Ngoja nikujibu mimi.

Kibebe yupo. Anakaa pale maji ya mto yanapoingia ziwani, na juu zaidi penye mkondo. Meno yake yamepishana nje ya mdomo hata akiwa ameufunga, kwa hiyo mshipi wa nailoni peke yake ni kazi bure. Weka kipande cha waya kati ya ndoana na mshipi, angalau urefu wa mkono mpaka kiwiko. Taya zake ni mfupa mtupu, ndoana butu haiingii. Noa kila ndoana kabla ya kurusha, na akigonga vuta kwa nguvu mara mbili. Akiruka juu, legeza kidogo, maana akianguka juu ya mshipi uliokazwa anaukata. Kumtoa ndoana tumia koleo, usitie vidole hata kama anaonekana amekufa.

Lakini mto huu siyo wa kujifunzia. Mamba wapo, na viboko wapo. Usivue umesimama majini, usivue mahali pale pale kila siku saa ile ile, maana mamba anazoea. Usikae kwenye njia ya kiboko jioni, ile njia iliyolimika kwenye majani kuelekea majini. Chukua mwenyeji mwenye mtumbwi wake, asiye mlevi, na msikilize akisema turudi. Kwa rafiki zako wa Dar, hata kama wamevua baharini miaka yote, hapa ni wanafunzi.

Kuna na huyu samaki wa umeme. Mnene, laini, hana magamba, midomo minene, wa rangi ya kijivu yenye madoa. Ukimwona anapanda usiushike mshipi uliolowa karibu naye, wala usimkanyage chini ya mtumbwi. Anapiga mshtuko mkali. Kata mshipi arudi. Kijana mmoja wa kwetu alidhani ni kambare, akamkumbatia kwa mikono miwili. Alikaa chini kwenye mtumbwi muda mrefu hasemi kitu, mikono inatetemeka.

Kijana wa Uvinza

Asante sana kaka. Na kambare wa kula je? Hao rafiki zangu wengine hawajui kitu kabisa.

Ilagala Chini

Kambare anapatikana kwenye mabwawa yanayobaki mvua zikiisha, na kwenye mto Luiche hapo karibu na Ujiji, huna haja ya kuja mpaka kwetu. Anavuliwa jioni, chambo kinalala chini kabisa, utumbo wa kuku au dagaa waliooza kidogo. Hahitaji ufundi, anahitaji subira. Ila hata Luiche kwenye mdomo wake si mahali pa kutembea peku gizani.

Naomba jambo moja kwa wote. Huku kwenye mabwawa ya Malagarasi kuna karomo, anafanana na ngege au perege, hapatikani mahali pengine popote duniani na amepungua sana. Eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu ya dunia, mwaka 2000, ndiyo la kwanza Tanzania, na bado nyavu za macho madogo zinapita. Kama huna uhakika unachokishika ni nini, muulize mwenyeji kabla hujamtia kwenye ndoo.

Kusi na Kaskazi

Naongeza kuhusu hifadhi maana wengi wanajikuta matatani. Ukipanda boti kwenda kaskazini unafika Gombe, ukienda kusini sana unafika Mahale. Mpaka wa Mahale unaingia ziwani kama kilomita 1.6. Usishushe mshipi maeneo hayo kwa sababu tu unaona maji matupu. Ongea na TANAPA, wenye kusimamia hifadhi za taifa, kwanza.

Mwalimu_Gungu

Wakuu nimeusoma uzi wote, nimeuhifadhi. Naomba mnijibu la mwisho kwa lugha ya mtu asiyejua: mimi na kijana wangu, Jumamosi hii, tununue nini na tufanye nini?

Mkazi wa Mwanga

Mwalimu, Ijumaa mchana pita ofisi ya uvuvi ukamalize suala la kibali. Ukitoka hapo, nenda madukani Mwanga ukanunue mshipi mwembamba na ndoana ndogo kabisa walizonazo, pakiti moja, maana zitanasa na kukatika. Fito za mwanzi msinunue, zinapatikana bure ukiomba. Jioni kandeni ugali mgumu, ufungeni kwenye kitambaa chenye unyevu ili usikauke.

Jumamosi muwe ufukweni jua linapochomoza. Kaeni mahali penye mchanga na mteremko wa taratibu, penye watu. Mkianza, tupa vipande vidogo vya ugali majini kwanza, kidogo kidogo, ndipo mshushe ndoana, kina cha magoti mpaka kiuno, siyo zaidi. Boya likitikisika msivute. Likizama au likianza kutembea, hapo vuta kwa kiganja, siyo kwa bega. Mfundishe kijana kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki anayerudishwa, mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga na magonjwa.

Saa tatu na nusu fungeni, hata kama wanakula. Jua litakuwa limeshakuwa kali, na mtoto akirudi nyumbani bado ana hamu, Jumamosi ijayo atakuamsha yeye. Akishajua kuogelea, mwandikie Kusi hapa, atawaelekeza namna ya kurusha chambo cha kuhe.

Kusi na Kaskazi

Nipo mwalimu. Mwanzishe kuogelea mwezi huu.